Ngoma ya Bagamoyo na Pato la Taifa: Fedha ya Muziki Inakopita na Anayestahili Kuipata

Bagamoyo.

Siku chache kabla ya kuanza kwa Tamasha la Kimataifa la Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, mabadiliko ya kwanza mjini humo huonekana mbali na jukwaa. Nyumba za wageni hupokea simu za kuulizia vyumba. Waendesha bodaboda huongeza saa za kazi. Mama lishe huagiza mchele na samaki zaidi ya kawaida, wauza pweza na mishikaki huandaa majiko ya ziada, na mafundi wa ngoma hupeleka ngozi mpya juani ili zikauke kabla wageni hawajafika. Jukwaani bado hakujapigwa hata pigo moja, lakini fedha imekwishaanza kuzunguka.

Tamasha hilo lilianza mwaka 1982, mwaka mmoja baada ya kuanzishwa kwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Kwa zaidi ya miongo minne limekuwa likiwakutanisha wasanii wa ndani na wa nje ya nchi katika mji huu wa kale wa Mkoa wa Pwani, ulio umbali wa takriban kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam. Kwa mwananchi anayesikia mara kwa mara kauli kwamba muziki ni uchumi, Bagamoyo ni mahali pazuri pa kuanzia kuelewa kauli hiyo ina maana gani, fedha ya muziki hupita njia zipi, na kwa nini mara nyingi haimfikii aliyetunga wimbo.

Takwimu zinavyosema, na zisichosema

Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) huliweka kundi la shughuli za sanaa na burudani katika hesabu za Pato la Taifa kama shughuli ya kiuchumi inayojitegemea. Kwa miaka ya karibuni kundi hilo limekuwa miongoni mwa yale yanayokua kwa kasi kubwa kuliko mengine yote. Mwaka 2022 lilikua kwa asilimia 19.0, na mwaka 2023 kwa asilimia 17.7. Mwaka 2020, pale ugonjwa wa UVIKO-19 uliposimamisha safari na mikusanyiko duniani, kundi hilo lilisinyaa, jambo lililoonesha jinsi kipato cha msanii kinavyotegemea watu kukutana.

Takwimu hizo hutajwa sana na ni za kweli, lakini zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Kwanza, kasi ya ukuaji si sawa na ukubwa. Kundi hili bado linachangia chini ya asilimia moja ya Pato la Taifa, na kitu kidogo huweza kukua kwa asilimia kubwa kikaendelea kuwa kidogo. Pili, katika mpangilio wa kimataifa wa shughuli za kiuchumi ambao nchi nyingi huufuata, kundi la sanaa na burudani hubeba pia makumbusho, michezo na hata michezo ya kubahatisha. Kwa hiyo anayesoma kwamba sanaa na burudani imekua kwa karibu asilimia 18 asidhani kwamba mapato ya wapiga zeze nayo yamepanda kwa kiwango hicho hicho.

Upande wa pili wa jambo hili husahaulika zaidi. Sehemu kubwa ya thamani ya muziki haihesabiwi katika kundi la sanaa kabisa. Mgeni anayelala Bagamoyo usiku tatu kwa ajili ya tamasha huhesabiwa katika huduma za malazi na chakula. Nauli yake huhesabiwa katika usafirishaji. Kijana anayenunua kifurushi cha intaneti ili atazame video ya wimbo mpya huongeza mapato katika habari na mawasiliano. Spika zinazouzwa Kariakoo ni biashara ya jumla na rejareja. Muziki ndio uliowatoa watu hawa nyumbani au kuwafanya wafungue pochi, lakini katika vitabu vya hesabu hauonekani.

Ndiyo sababu Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO) mwaka 2003 lilitoa mwongozo wa namna ya kupima mchango wa sekta zinazotegemea hakimiliki. Mwongozo huo hutenganisha sekta za msingi, yaani zile ambazo bila hakimiliki zisingekuwepo, kama utunzi, urekodi na utangazaji, na zile zinazotegemeana nazo, kama utengenezaji na uuzaji wa redio, televisheni na ala za muziki. Tofauti hiyo inaonekana kwa macho Bagamoyo: mpigaji ni sekta ya msingi, na fundi anayechonga mzinga wa ngoma aliyopigia ni sekta tegemezi. Mmoja akikosa kazi, mwingine naye hukosa.

Kutoka Kikundi cha Taifa hadi TaSUBa

Mwezi Desemba mwaka 1962, mwaka mmoja baada ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika miaka iliyofuata kikaanzishwa Kikundi cha Taifa cha Ngoma, kilichokusanya wachezaji na wapigaji kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Wasanii hao walikuwa waajiriwa. Walilipwa mshahara, walisafiri kwa gharama za Serikali na kazi yao ilikuwa kuitambulisha nchi changa mbele ya wageni na mbele ya wananchi wenyewe. Kikundi hicho kilipovunjwa, uzoefu wake ulihamia darasani, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kikaanza Bagamoyo.

Mfumo wa msanii mwajiriwa haukuwa wa ngoma za asili peke yake. Bendi nyingi za muziki wa dansi zilimilikiwa na jumuiya na mashirika ya umma. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya jumuiya ya vijana, na Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978, ilimilikiwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam (DDC). Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na mwanamuziki alipohama bendi aliviacha. Mfumo huo ulimhakikishia mwanamuziki mshahara mwisho wa mwezi, jambo ambalo wanamuziki wengi wa leo hawana. Haukumhakikishia, hata hivyo, umiliki wa wimbo wake.

Rekodi zilifanyika Radio Tanzania Dar es Salaam. Hazina ya kanda zilizobaki kutoka enzi hizo, ambayo sasa iko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), ni kumbukumbu kubwa ya muziki wa nchi hii. Lakini kanda ya redio si sahani ya kuuzwa dukani. Kwa miaka mingi santuri za bendi za Tanzania zilichapwa na kuuzwa Nairobi, na faida ya uchapaji na usambazaji ilibaki huko. Mbaraka Mwinshehe, mmoja wa wapiga gitaa mashuhuri kuliko wote waliowahi kutokea nchini, alifariki dunia kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979, akiwa katika safari za kazi nchini Kenya. Nyimbo zake bado zinapigwa katika redio na kumbi za Afrika Mashariki, zaidi ya miaka 40 baada ya kifo chake.

Tukirudi Bagamoyo, chuo kilipitia misukosuko yake. Ukumbi wake wa maonesho uliteketea kwa moto mwaka 2002, na ukumbi mkubwa unaotumika sasa ulijengwa baada ya hapo. Mwaka 2007 chuo kikawa Wakala wa Serikali na kupewa jina la TaSUBa. Mabadiliko hayo si ya jina tu: wakala hutarajiwa kuzalisha sehemu ya mapato yake kwa mafunzo, maonesho, ukodishaji wa kumbi na huduma za ushauri, badala ya kusubiri ruzuku peke yake. Kwa maana hiyo taasisi inayofundisha vijana namna ya kuishi kwa sanaa nayo imewekwa katika hali ya kulazimika kuishi, angalau kwa sehemu, kwa sanaa hiyo hiyo.

Wimbo mmoja, haki tatu

Ili kuelewa kwa nini fedha ya muziki hupotea njiani ni lazima kwanza kufahamu kwamba wimbo uliorekodiwa si mali moja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inatambua haki za watu mbalimbali ndani ya kazi hiyo moja. Yupo mtunzi wa maneno na muziki. Huyu ndiye mwenye hakimiliki. Yupo mwimbaji au mpigaji aliyeutumbuiza wimbo, na yupo mtayarishaji aliyegharamia kurekodi sauti. Hawa wawili wana hakishiriki, yaani haki zinazoambatana na ile ya mtunzi. Mtu mmoja anaweza kuwa vyote vitatu, kama ilivyo kwa vijana wengi wanaotunga, kuimba na kurekodi katika studio ndogo za nyumbani. Lakini katika kikundi cha ngoma chenye watu kumi na wawili, swali la nani ametunga nini hujibiwa kwa shida, na mara nyingi halijawahi kuulizwa hadi fedha inapoonekana.

Haki za mtunzi nazo zina pande mbili. Upo upande wa kiuchumi, unaompa mamlaka ya kuruhusu au kukataza kazi yake kunakiliwa, kutangazwa, kutumbuizwa hadharani au kutafsiriwa, na kudai malipo kwa ruhusa hiyo. Upo upande wa kimaadili, unaomhakikishia kutambuliwa kuwa yeye ndiye mtunzi na kupinga kazi yake kuharibiwa kwa namna inayomvunjia heshima. Haki za kiuchumi zinaweza kuuzwa au kukodishwa kwa mkataba. Haki ya kutambuliwa kuwa mtunzi hubaki kwake hata akiuza zile nyingine zote.

Hapa ndipo hasara nyingi zilipotokea. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya redio na televisheni binafsi kuruhusiwa na kanda za kaseti kuenea, wasanii wengi walimpelekea msambazaji kanda kuu, wakapokea kiasi kimoja cha fedha na kuondoka. Wengi waliamini kwamba wameuza kanda. Waliouza wimbo bila kujua waligundua baadaye, pale wimbo ulipovuma. Njia mbalimbali zilijaribiwa kudhibiti nakala bandia, ikiwemo stempu za kodi zilizoanza kuwekwa katika kazi za filamu na muziki mwaka 2013. Stempu hizo zilifika wakati kaseti na diski zenyewe zilikuwa zinaanza kuondoka sokoni. Milio ya simu ikachukua nafasi, kisha majukwaa ya kusikiliza na kutazama kupitia intaneti, na kila njia mpya ilikuja na mgawanyo wake wa mapato ambao msanii alipaswa kuusoma kabla ya kutia saini.

Soko la sasa limewatoa wasanii wengi gizani. Bongo Fleva, ikiongozwa na majina kama Diamond Platnumz, Alikiba na Zuchu, inasikilizwa mbali na mipaka ya Tanzania, na baadhi ya wasanii wamekuwa waajiri wenye lebo, studio na vyombo vya habari vyao. Mafanikio hayo yasifiche ukweli kwamba mapato ya intaneti hulipwa kwa wingi wa wasikilizaji, na kwa hiyo hukusanyika kwa wachache. Kikundi cha ngoma cha Bagamoyo hakiwezi kushindana kwa mamilioni ya watazamaji. Uchumi wake ni mwingine.

Hesabu ya kufikirika inaweza kusaidia. Kikundi cha wasanii 12 kinaalikwa hotelini kutumbuiza kwa shilingi 1,200,000. Usafiri wa watu na ngoma, matengenezo ya ala, mavazi na chakula vinachukua 480,000. Zinabaki 720,000, yaani shilingi 60,000 kwa kila msanii kwa kazi ya jioni moja, bila kuhesabu siku za mazoezi. Wakipata mialiko minne kwa mwezi maisha yanaendelea; wakipata mmoja, msanii lazima awe pia mvuvi, mkulima au fundi. Wengi ni hivyo. Sasa kama mgeni mmoja ukumbini amerekodi onesho hilo kwa vifaa bora, akalitumia katika filamu au tangazo la biashara bila mkataba, thamani iliyoondoka usiku huo inaweza kuzidi malipo ya mwaka mzima, na kikundi kisijue.

Zawose: familia, zeze na mwaka 2053

Hakuna mfano ulio wazi zaidi wa thamani ya muziki wa Bagamoyo kuliko wa Hukwe Zawose. Alikuwa Mgogo kutoka Dodoma, bingwa wa zeze, ilimba na uimbaji wa sauti nyingi wa watu wake. Akawa miongoni mwa wasanii waliokusanywa kuitumikia sanaa ya taifa, na baadaye akaishi na kufundisha Bagamoyo hadi alipofariki dunia mwezi Desemba mwaka 2003. Kampuni ya Real World Records ya Uingereza, iliyoanzishwa na mwanamuziki Peter Gabriel, ilitoa albamu yake ya Chibite mwaka 1996, na mwaka 2002 ikatoa Assembly, aliyoifanya pamoja na Michael Brook. Kwa wasikilizaji wengi wa Ulaya na Marekani, sauti ya Tanzania ilikuwa sauti yake.

Muziki huo haukwenda naye kaburini. Familia yake imeendelea kuupiga na kuufundisha, na mwaka 2024 kampuni hiyo hiyo ilitoa albamu iitwayo Maisha ya The Zawose Queens, kundi la Pendo na Leah Zawose. Jambo hilo lina uzito wake katika utamaduni wa Wagogo, kwa kuwa wanawake wa familia hiyo kwa muda mrefu walisikika zaidi kama waitikiaji. Kiuchumi pia lina maana: kizazi cha pili na cha tatu kinatengeneza kazi mpya, yenye hakimiliki mpya, kutokana na urithi ule ule.

Na urithi wenyewe? Sheria ya mwaka 1999 hulinda kazi ya mtunzi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, tungo zake mzee Zawose zinalindwa nchini hadi mwaka 2053. Ndani ya kipindi hicho, kila anayetaka kuzitumia kibiashara anapaswa kupata ruhusa ya wenye haki, wawe ni warithi au kampuni iliyopewa haki kwa mkataba. Familia nyingi za wanamuziki nchini hazifahamu kwamba wimbo hurithiwa kama shamba au nyumba. Katika kikao cha mirathi huorodheshwa kitanda, baiskeli na viwanja, na daftari la nyimbo huachwa juu ya kabati.

Kuna swali gumu zaidi. Si kila pigo la zeze lina mtunzi. Mapigo ya Wagogo, kama yalivyo mdundiko wa Wazaramo au ngoma za Wakwere na Wadoe walio wenyeji wa ukanda huu wa Bagamoyo, yametokana na jamii nzima kwa vizazi. Sheria ya 1999 ililiona jambo hilo na ikatenga sehemu inayohusu sanaa za jadi, ili zisitumiwe kibiashara nje ya mazingira yake ya asili bila idhini. Hata hivyo ni rahisi kuandika kwamba ngoma ni mali ya jamii kuliko kusema ni nani katika jamii hiyo apokee hundi. Mstari kati ya kilicho cha jadi na kilicho cha mtunzi mmoja aliyekifinyanga upya hauchorwi kwa rula.

Muziki wa singeli unalionesha jambo hilo kwa namna nyingine. Ulizaliwa katika mitaa ya watu wengi ya Dar es Salaam, ukiwa umetokana na mchiriku, ambao nao umebeba mapigo ya ngoma za Wazaramo. Watayarishaji huchukua vipande vya taarabu au muziki mwingine, huviharakisha na kuvirudiarudia hadi vinakuwa kitu kipya. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Uganda ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso kutoka katika studio moja ya Dar es Salaam, na tangu hapo singeli imefika katika majukwaa ya Ulaya. Ni mafanikio ya kujivunia. Lakini kipande cha taarabu kilichoharakishwa bado kina mtunzi na mpigaji wake, na muziki unapovuka mipaka ya uswahilini kwenda katika masoko yenye wanasheria, ruhusa ambayo haikuombwa mwanzoni hudaiwa kwa gharama kubwa baadaye.

Mti unaoimba mbali

Fedha ya muziki haitoki kwenye sauti tu. Mpingo, mti wa taifa, ni miongoni mwa mbao zinazothaminiwa zaidi duniani kwa kutengenezea klarineti na obo. Mbao nyingi za aina hiyo zinazotumiwa na viwanda vya ala vya Ulaya zimetoka katika misitu ya Tanzania na Msumbiji. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi, Wilaya ya Kilwa, ilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, na kuviwezesha vijiji kuuza mpingo vyenyewe kwa bei bora kuliko ile ya magogo yaliyokuwa yakichukuliwa kiholela. Bagamoyo hakuna kiwanda cha klarineti, wala hakitarajiwi kesho. Hata hivyo mafundi wake wanajua tofauti ya bei kati ya gogo na ngoma iliyokamilika, iliyowambwa ngozi na kukazwa vizuri, kwa kuwa ndiyo tofauti wanayoishi nayo.

Mirabaha inavyokusanywa

Mirabaha ni malipo anayostahili mwenye haki kila kazi yake inapotumiwa na mwingine kibiashara. Redio, televisheni, hoteli, baa, kumbi, maduka makubwa na mabasi ya abiria yanayopiga muziki kuvutia wateja yote hutumia malighafi ya mtu mwingine. Kwa kuwa mtunzi hawezi kupita baa hadi baa akidai, makusanyo hufanywa kwa pamoja na kugawanywa kwa wenye haki baada ya kuondoa gharama za uendeshaji.

Kwa zaidi ya miaka 20 kazi hiyo ilifanywa na COSOTA, iliyoanzishwa kama Chama cha Hakimiliki Tanzania. Mabadiliko ya sheria yaliyofanywa mwaka 2022 yaliifanya COSOTA kuwa Ofisi ya Hakimiliki, yenye jukumu la usajili, usimamizi na utoaji wa elimu, na kufungua njia kwa wenye haki kuunda taasisi zao wenyewe za kukusanya na kugawa mirabaha. Mwaka uliofuata, kupitia Sheria ya Fedha, ikaanzishwa tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 katika vifaa vinavyotumika kunakili na kuhifadhi kazi za sanaa. Hoja yake ni kwamba nakala za nyumbani haziwezi kuzuiwa mlango kwa mlango, hivyo sehemu ndogo ya bei ya kifaa inakwenda kufidia kile ambacho wabunifu wanapoteza.

Mwezi Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wanamuziki ambao kazi zao zilitumika katika vyombo vya utangazaji. Kwa mwanamuziki mmoja mmoja haikuwa fedha nyingi, na baadhi walilalamika waziwazi. Pamoja na hayo ilithibitisha jambo moja: mgao hufuata kumbukumbu. Wimbo uliosajiliwa kwa jina sahihi na ulioandikwa katika orodha ya nyimbo zilizopigwa hulipwa. Wimbo usio na jina la mtunzi, hata ukipigwa kila asubuhi, hauna wa kulipwa.

Kwa sababu hiyo vikundi vya Bagamoyo na ukanda wote wa Pwani vinashauriwa kuanza na mambo ya kawaida kabisa. Hakimiliki huzaliwa kazi inapotungwa, haisubiri cheti. Usajili, hata hivyo, ni ushahidi unapotokea mgogoro na ndio mlango wa mgao wa mirabaha. Kikundi kiandike makubaliano ya ndani yanayoonesha nani ametunga, nani amepanga muziki na mapato yatagawanywaje, kabla ya kurekodi. Wasanii wanapaswa pia kujisajili Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), lililoanzishwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, ili kufanya kazi kihalali na kutambulika. Wanaohitaji mtaji wa ala au vifaa vya kurekodia wanaweza kuomba mkopo kupitia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania. Na anayeletewa mkataba wa kurekodiwa, hasa ulioandikwa kwa lugha asiyoielewa, ana haki ya kuomba muda wa kutafuta mtu wa kumsomea kabla ya kutia saini.

Wamiliki wa biashara nao wana sehemu yao. Hoteli ya ufukweni inayopiga muziki kuanzia kifungua kinywa hadi usiku inahitaji leseni kama inavyohitaji leseni ya vileo. Inayoalika kikundi cha ngoma inapaswa kuwaeleza wageni kama kurekodi kunaruhusiwa na kwa matumizi gani. Tangazo fupi linalosomwa kabla ya onesho, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wageni, halichukui hata dakika moja.

Kwa warithi wa wanamuziki waliokwishafariki, hatua ya kwanza ni kukusanya kilichopo: kanda, santuri, mikataba, barua za redio, madaftari ya tungo na picha zinazoonesha nani alipiga nini. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama anaweza kwenda na nyaraka hizo Ofisi ya Hakimiliki kuulizia kazi zilizosajiliwa kwa jina la marehemu na namna ya kusajili zile ambazo hazijasajiliwa.